"Ustadhi, Mtoto Hali, Nisomee"



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana wanafunzi mlio na wadogo zenu nyumbani, leo nataka tuzungumze juu ya sahani ya mtoto mdogo. Mtu anaweza kusema hilo si jambo la ustadhi, ni la akina mama na wauguzi. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, na nakuhakikishieni kwamba jambo hili hunifikia mlangoni kuliko masuala ya mirathi na talaka. Baada ya sala ya Magharibi huja mama, au baba na mama pamoja, mtoto amebebwa mgongoni. Mtoto mwenyewe ana mwaka 1, au 2, au amekaribia 3. Neno lao karibu ni moja: "Ustadhi, mtoto hali. Nisomee."

Nami nasoma. Jicho ni haki, tumefundishwa hivyo katika hadithi sahihi, na Qur'ani ndani yake mna ponyo kwa waumini. Simrudishi mtu. Lakini tumefundishwa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Hadithi hiyo imo katika Tirmidhi. Basi nikishamaliza kusoma, nauliza juu ya kamba ya ngamia: "Tangu alfajiri hadi sasa, mtoto ameingiza nini mdomoni? Nitajie kimoja kimoja, hata maji."

KARATASI YA BABA MMOJA

Baba mmoja alishindwa kujibu, nikamwomba akaandike siku nzima kisha aniletee. Mwanawe alikuwa na mwaka 1 na miezi 9. Alirudi na karatasi hii:

Saa 1 asubuhi, chai ya maziwa yenye sukari, na vijiko vitatu vya uji kisha akakataa. Saa 2, biskuti mbili kutoka kwa kaka yake aliyekuwa akienda shule. Saa 3, nusu andazi kwa jirani. Saa 4, juisi ya pakiti. Saa 5, peremende kutoka kwa ami yake. Saa 6 na nusu, ugali na maharage: "hakula". Saa 8, biskuti, "kwa sababu mchana hakula". Saa 10, soda kidogo. Saa 1 usiku, wali na mchuzi: "hakula, alilia, akalala".

Baba huyo aliitazama karatasi yake mwenyewe kwa muda, kisha akaniambia, "Ustadhi, mtoto huyu anakula kutwa." Nikamwambia, ndiyo, anakula kutwa, lakini hali chakula.

Ndugu msomaji, tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 hula robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima, kwa mlo mmoja. Basi biskuti mbili na nusu andazi, juu yake juisi, zinatosha kulijaza. Ukija na ugali saa sita na nusu, humkuti mtoto mkaidi. Unamkuta mtu aliyeshiba. Na kilichomshibisha ni sukari na unga mweupe, ambavyo havijengi damu wala mifupa. Chai nayo, juu ya sukari yake, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga.

Liko na jambo la pili ambalo wazazi wengi hawajaelezwa. Mtoto katika mwaka wake wa kwanza hukua mbio sana, uzito aliozaliwa nao huwa karibu mara tatu anapotimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na kitu tu. Kwa hiyo ni kawaida hamu yake ipungue. Mama aliyemzoea akimaliza bakuli huona ghafla anaacha nusu, akaingiwa na hofu, na kwa hofu hiyo akaanza kumpa chochote atakachokubali, saa yoyote. Hapo ndipo biskuti zinapoingia. Kwa hiyo mara nyingi ninayoyaona hayatokani na uzembe. Yanatokana na huruma isiyo na saa.

Na jambo lenyewe si dogo katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Sababu zake ni nyingi, umaskini ukiwa mbele, pamoja na maradhi na maji machafu. Lakini kile kidogo tulicho nacho kikiingia tumboni kwa mpango, kinafanya kazi zaidi.

SAA TUNAYO TAYARI

Akina mama huniambia, "Ustadhi, ratiba ni ya wenye saa ukutani na mtumishi jikoni." Nawajibu kuwa saa tunayo, na inaita kwa sauti mara tano kila siku. Bujumbura iko nyuzi 3 na kidogo tu kusini ya Ikweta. Kwa hiyo adhana zetu hazihamihami. Adhuhuri iko karibu na saa 6 mchana, Alasiri saa 9 na kidogo, Magharibi karibu na saa 12 jioni, mwaka mzima. Ndugu zetu walioko Ubelgiji hawawezi kufanya hivi. Kule Magharibi ya Juni ni karibu saa 4 usiku, na ya Desemba ni kabla ya saa 11 jioni, basi wao wafuate saa ya mkononi. Sisi Allah ametupa wepesi, tuutumie.

Msije mkasema ustadhi ameleta bid'a. Sisemi kuwa dini imepanga uji wa mtoto baada ya sala fulani. Nasema tu kwamba nyumba inayosali kwa wakati tayari ina mpangilio, na chakula cha mtoto kinaweza kutundikwa juu yake. Mpango ninaowapa wazazi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni huu:

1. Asubuhi, karibu saa 1. Uji mzito wa mtama au mahindi uliochanganywa na soya. Ukiweza, tia kijiko cha unga wa ndagala waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kutwangwa. Chai si chakula cha mtoto.

2. Wakati wa Dhuha, karibu saa 4. Kitu kidogo: nusu ya ndizi mbivu, kipande cha papai au parachichi. Miparachichi tunayo, na katika msimu wake hata asiye na kitu hupata.

3. Baada ya Adhuhuri. Mlo mkubwa. Ugali au wali, maharage yaliyopondwa, sombe au lengalenga yenye mawese kidogo, na samaki au ndagala wakipatikana. Kisha alale.

4. Baada ya Alasiri. Kitu kidogo tena: kiazi kitamu cha kuchemsha, au yai, au kikombe cha maziwa.

5. Baada ya Magharibi. Mlo wa usiku. Mnajua kuwa katika hadithi ya Jabir (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuamuru tuwazuie watoto wetu ndani giza linapoingia. Basi watoto wamo ndani, mikono imenawa, sufuria iko tayari. Mtoto ale, na kabla ya Isha au baada yake kidogo awe amelala.

Katikati ya nyakati hizo ni maji tu, na kwa anayenyonya, ziwa la mama. Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na wataalamu wa afya nao wanapendekeza miaka miwili au zaidi. Ila mtoto aliyepita mwaka apewe chakula kwanza, kisha ndipo ziwa, asije akashiba maziwa sufuria ikiwa bado mekoni.

Ukihesabu, kutoka mlo hadi mlo ni saa mbili na nusu hadi tatu. Muda huo unatosha mtoto asikie njaa, wala haumfikishi kuteseka. Njaa ndogo kabla ya chakula ni neema. Ndiyo inayofanya maharage yawe matamu.

Najua wako wanaopika mara moja kwa siku. Siwadharau, nimekulia katika nyumba kama hizo. Kwao nasema: sufuria ikiiva, toeni kwanza fungu la mdogo, mfunike, ili ale mara mbili au tatu wakati wakubwa wanakula mara moja. Kabla ya kumpa tena, kipashwe moto mpaka kichemke, na kisilale mpaka kesho. Na faranga za biskuti na soda za siku chache, zikikusanywa, hununua mayai.

NANI ANAAMUA NINI

Swali linalofuata kila mara ni hili: "Na akikataa wakati umefika?" Nawajibu kwamba mzazi ndiye anayeamua chakula gani, saa ngapi, na wapi kitaliwa. Mtoto ndiye anayeamua ale kiasi gani. Kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliyeuandika mgawanyo huu vizuri, na wauguzi wengi duniani huufundisha. Lakini adabu yake tunaijua zamani. Amepokea Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukitia kasoro chakula. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Na ilipoletwa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani, hakuila, akaeleza kuwa haikuwa ya nchi ya watu wake na nafsi yake haiivutii. Khalid bin Al-Walid (R.A.) akaila hapo hapo mbele yake, wala hakukatazwa.

Ndugu zangu, kama mbora wa viumbe aliacha chakula asichokizoea, kwa nini mtoto wa miaka miwili abanwe pua na kumiminiwa uji? Kumbana pua kunaweza kumpalia, na kunamfundisha kuogopa kijiko. Chakula kipya mtoto hukikataa kwa asili yake. Huenda ukamwekea mara nane, kumi, hata zaidi ya hapo, kabla hajakikubali. Mwekee kidogo pembeni, ule na wewe mbele yake, usiseme neno. Baada ya dakika ishirini au thelathini ondoa sahani bila hasira, na mlo unaofuata uwe kwa wakati wake. Lililo gumu ni kutompa biskuti saa 8 kwa sababu hakula saa 6. Yule baba wa karatasi aliniambia siku tatu za mwanzo nyumba yake haikukalika kwa kilio. Wiki ya pili mtoto alikuwa akitambaa mwenyewe kuelekea kwenye mkeka akisikia adhana ya Adhuhuri.

Na jambo la sinia. Sisi tunakula pamoja, na katika kula pamoja mna baraka. Lakini katika sinia moja wenye mikono mirefu humaliza, na mdogo hubaki na ukingo. Umar bin Abi Salama (R.A.) alipokuwa mtoto mkono wake ukizunguka katika chombo, Mtume (S.A.W.) alikuwa kando yake akimfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Yaani alikuwapo mtu mzima anayemtazama. Basi mtoto akae kwenye mkeka pamoja nanyi, ila fungu lake liwe katika bakuli lake. Hapo mama anaona kwa macho yake ameingiza kiasi gani.

BIBI HAKATALIWI

Mipango mingi ya wazazi vijana huvunjikia kwa bibi. Na bibi hawezi kuambiwa "usimpe mtoto kitu" kama anavyoambiwa mtoto wa jirani. Nyumbani kwetu mama yangu mzazi anakaa nasi, na kitinda mimba wetu hupenda kulala mapajani pake. Siku moja aliniambia kwa uchungu, "Mwanangu, mtoto akinililia nimnyime? Mimi nimewalea nyinyi saba kwa mkono huu."

Nikamjibu, "Hapana mama yangu, hukunyima, na huwezi kunyima. Ila naomba Alasiri iwe yako. Chakula cha Alasiri cha mjukuu wako usimpe mtu mwingine, ni wewe peke yako."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kaimati?"

"Kaimati siku ya Ijumaa, mama, tukitoka msikitini."

Tangu hapo Alasiri ni ya bibi. Kiazi huchemshwa na yeye, yai humenywa na yeye, na jirani akija na peremende, bibi ndiye anayesema, "Bado saa yake." Ndugu zangu, mzee ukimpa amana ataichunga kuliko wewe. Ukimpa amri umemkosea adabu, na mpango wako hautasimama.

Kwa vijana wanafunzi pia: mdogo wako akikufuata madrasa, usimtulize kwa biskuti ya mfukoni mwako. Kwetu wadogo wanaokuja na dada zao hula kabla ya kuingia darasani, na darasani ni maji tu.

RAMADHANI

Mwezi mtukufu ndio unaovuruga ratiba za watoto kuliko wakati wowote. Mama amefunga, jiko la mchana limezimwa, na mtoto wa miaka miwili anaishi kwa mkate na chai hadi futari. Kisha Magharibi anajazwa kaimati na juisi, anakesha, asubuhi haamki, na uji wa saa 1 unampita. Mwezi ukiisha, nguo zinampwaya.

Mtoto mdogo hana saumu. Saa zake zibaki zile zile. Chakula cha mchana cha mtoto kipikwe mchana huo huo kwa usalama wake, na mmoja wa nyumba, hata kaka wa miaka kumi na tano, apewe jukumu la kumlisha baada ya Adhuhuri ili mama apumzike. Kumlisha mdogo hakumfunguzi mtu saumu, bali kuna thawabu. Kwenye futari naye akae, apewe tende iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo, ajione ni Muislamu miongoni mwa Waislamu, kisha ale mlo wake wa kawaida. Mama anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula. Namna ya kulipa wanazuoni wametofautiana, basi amuulize mwanachuoni wake, asijitese kwa haya.

Na tahadhari tatu za mwaka mzima. Asali, pamoja na sifa zake, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, hata tone la dawa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mchanga halivimudu. Karanga nzima na peremende ngumu zinapalia na kuua, basi karanga zisagwe. Na mtoto ale amekaa, si akikimbia.

USIJE KWANGU KWANZA

Nimeacha mwisho lililo zito. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa mwaka na nusu hivi. Mama yake alisema haliki, na kwamba kwa wiki tatu alikuwa akisomewa na kupewa maji mahali pengine. Nilipomfunua shuka nikaona miguu yote miwili imevimba, nywele zimegeuka rangi na kuwa nyepesi, na mtoto hana hata nguvu ya kulia. Nilisoma Al-Fatiha na sura tatu za mwisho, fupi kabisa, kisha nikavaa viatu tukaenda wote kituo cha afya usiku ule. Ilikuwa kwashakoo. Alilazwa, akapewa maziwa ya tiba, baadaye lishe ya karanga ya tiba. Alhamdulillah yuko hai, na sasa ni mwanafunzi wangu. Lakini nafikiri mara nyingi juu ya zile wiki tatu.

Kwa hiyo nakuombeni. Mtoto akivimba miguu, akiwa na homa au kuharisha kusikokoma, akitapika kila kitu, akilegea, akikataa hata ziwa na maji, au mstari wa uzito kwenye kadi yake ukishuka, usianze kwangu. Anza kituo cha afya. Huko wana utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11 na nusu, ni hatari. Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5 tangu mwaka 2006, basi msizuiwe na hofu ya fedha. Mkishatoka huko njooni, tusome pamoja na tuombe. Kusoma hakupitwi na wakati, ila mtoto anaweza kupitwa.

Na kama mtoto anacheza, anacheka, uzito wake unapanda, ila hali ugali wako, basi kabla ya kuniletea, chukua karatasi. Andika kila kilichoingia mdomoni mwake kwa siku moja. Huenda jibu likawa mkononi mwako kabla hujafika mlangoni kwangu.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe vitulizo vya macho yetu, uwabarikie chakula chao, na utupe subira ya kuwalea. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.